Kuku wa Singida na Lishe Yake (Sehemu ya Pili): Kufuga Wadudu kwa Ajili ya Vifaranga

Katika sehemu ya kwanza tulimfuata kuku wa Singida kutoka kijijini hadi kwenye matenga yanayopakiwa katika magari ya barabara ya Dodoma, akielekea Dar es Salaam ambako jina la mkoa wake peke yake humwongezea bei. Leo turudi nyuma, kwenye wiki sita za mwanzo za maisha yake. Hapo ndipo mfugaji wa Ikungi, Mkalama au Iramba anapopata hasara kubwa kuliko zote, na kwa kuwa kifaranga aliyekufa akiwa na siku kumi hakuwa ameingizwa kwenye hesabu ya mtu yeyote, hasara hiyo haisemwi.

Ukiuliza vifaranga wamekwenda wapi, utaambiwa mwewe, baridi, au mdondo. Yote matatu ni ya kweli. Lakini nyuma yake mara nyingi ipo njaa, tena njaa ya aina yake, kwa sababu kifaranga mwenyewe ameshiba. Chakula cha kifaranga kinatakiwa kiwe na protini ya asilimia 18 hadi 20. Pumba za mahindi zina kama asilimia 10, na mtama hauzidi hapo kwa kiasi cha kuleta tofauti. Kifaranga anayeshinda akidonoa pumba anajaza tumbo bila kujenga mwili. Manyoya yanachelewa kuota, baridi ya alfajiri inampenya, na mwewe akishuka anamkuta hana mbio.

Kuku wa kienyeji alikuwa na dawa ya njaa hiyo tangu zamani. Mtetea anayelea hutifua samadi, huparua udongo chini ya mabua, akawaita watoto wake waje kula alichokifukua. Anachokifukua ni wadudu. Tatizo letu Singida ni kalenda. Mkoa huu unapata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida mvua yenyewe ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Mavuno yakianza Mei, mitetea hula punje zilizomwagika kwenye viwanja vya kupuria uwele na mtama, wananenepa, wanataga, wanaatamia. Vifaranga wao wanaanguliwa wakati nyasi zimekauka, panzi hawaonekani na mchwa wamezama chini kufuata unyevu. Kwa maneno mengine, vifaranga wengi huja duniani katika miezi ambayo chakula chao cha asili ni haba. Mtetea hawezi kufukua kisichokuwepo.

Mwenye fedha atanunua dagaa wa Ziwa Victoria, akawasaga na kuchanganya na pumba. Ni chakula kizuri sana. Lakini dagaa ni mboga ya watu, na mama wa Puma au Shelui anayepima dagaa sokoni analazimika kuchagua kati ya watoto wake na vifaranga wake. Sioni sababu ya kumweka katika uchaguzi huo, wakati nyumbani kwake kuna samadi, magunzi, mabaki ya jikoni na vichuguu. Ndiyo maana nasema wadudu wafugwe kama kuku wanavyofugwa, kwa ratiba, wasingojewe wajitokeze wenyewe.

Tuanze na mchwa, kwa sababu mchwa hawahitaji mtaji.

Mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa tunavyoviona pembezoni mwa mashamba hawawezi kumeng'enya mabua na magome kwa tumbo lao peke yake. Wanayatafuna, wanayapeleka ndani ya kichuguu, na juu yake wanaotesha ukungu ambao ndio unaolainisha chakula hicho. Uyoga mkubwa unaochomoza vichuguuni mvua zikianza, ule ambao kila kijiji kinaujua, ni tunda la ukungu huo huo. Kwa hiyo watenda kazi wa mchwa wako safarini usiku na mchana kutafuta vitu vikavu vya mimea, na masharti yao ni mawili: giza na unyevu. Jua likiwapiga wanakauka na kufa, ndiyo sababu husafiri ndani ya vijia vya udongo walivyovifunika wenyewe. Mfugaji akiwawekea chakula kikavu, maji na giza mahali pamoja, wamefika.

Njia yenyewe inajulikana katika vijiji vingi vya Tanzania, ila hufanywa kwa kubahatisha. Tafuta kijia kilicho hai: kibomoe kidogo jioni, na ukikuta asubuhi kimezibwa kwa udongo mbichi, hapo kuna watu wa kufanya nao kazi. Fukua kidogo mpaka tundu lionekane, kisha mwagia maji ardhi inayolizunguka. Chukua chungu kilichopasuka mdomo, debe au ndoo isiyotumika, ukijaze samadi kavu ya ng'ombe, magunzi yaliyopondwa, mabua na vipande vya gunia la katani kama vipo. Nyunyizia maji mpaka mchanganyiko ulowe bila kuchuruzika. Kifunike chungu juu ya tundu, mdomo chini, uzibe kingo kwa udongo ili mwanga usiingie. Juu yake weka gunia bichi au majani, na mwisho matawi ya miiba, maana mbuzi na kuku wakubwa hawatakuacha.

Wakati wa mvua usiku mmoja unaweza kutosha. Kiangazi subiri siku mbili au tatu, na uongeze maji kila jioni, kwa sababu katika ukame huo ni maji yanayowapandisha mchwa zaidi kuliko samadi. Chungu kifunuliwe asubuhi na mapema. Jua likishakipasha joto wanashuka wote, na utakachokuta ni samadi tupu. Mwaga kilichomo mbele ya vifaranga, kiganja kimoja cha mchwa kwa vifaranga kumi kikiwa nyongeza ya pumba zao. Kwa vifaranga wa siku chache, wale askari wenye vichwa vikubwa na taya wapondwe kwanza. Ukikuta sisimizi wameingia chunguni, hamisha chungu mahali pengine, kwani wao na mchwa ni maadui na mchwa hawatapanda tena hapo.

Kuna mambo mawili ambayo naomba yasipuuzwe. La kwanza, usichimbue kichuguu. Malkia yuko ndani, ndiye anayetaga mayai kwa maelfu kila siku, na akifa umeua ghala lako. Vuna kwenye vijia, pumzisha kila tundu kwa siku kadhaa, zunguka. La pili, na hili ni zito zaidi, usivune mchwa kwenye kichuguu au shamba lililopigwa dawa. Wakulima wengi wanapambana na mchwa wanaoangusha mahindi, na dawa iliyomwagwa miezi iliyopita inaweza kufika kwenye tumbo la kifaranga, kisha kwenye sahani. Muulize jirani kabla hujatega karibu na shamba lake. Samadi nayo ina siri yake: ng'ombe aliyechomwa sindano ya ivermektini hutoa dawa hiyo kwenye kinyesi, na kwa wiki kadhaa wadudu wanaokula kinyesi hicho hufa. Chagua samadi ya ng'ombe ambaye hajatibiwa karibuni.

Mchwa, hata hivyo, ni mavuno ya kijijini. Aliye mjini Singida, Manyoni au Kiomboi, mwenye banda nyuma ya nyumba na hana kichuguu, anahitaji mdudu mwingine. Kabla hatujamfikia, inafaa tuwatazame kidogo watu ambao wamefuga wadudu wa kulishia kwa muda mrefu.

Huko Ulaya na Marekani wapo maelfu ya watu wanaofuga mijusi na vinyonga ndani ya nyumba, katika masanduku ya vioo yenye taa za joto. Baadhi ya vinyonga hao walitoka kwetu, katika milima ya Usambara na kwingineko, mpaka Serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Kinyonga hali pumba wala dagaa. Anataka mdudu anayetembea. Kwa hiyo kumekuwa na mashamba makubwa ya nyenje na funza wa unga kwa ajili yao. Mashamba hayo yamepata pia misiba yake: takriban mwaka 2010 virusi vilienea katika mashamba ya nyenje ya Amerika Kaskazini na kuangamiza mazao ya wafugaji wengi waliokuwa wametegemea aina moja ya nyenje.

Wafugaji hao wa mijusi wamegundua jambo ambalo mfugaji wa kuku wa Singida atalifaidi moja kwa moja. Mdudu ni mfuko, na kilicho ndani ya mfuko ndicho mnyama anachokula. Nyenje aliyeshinda na njaa humpa kinyonga maganda matupu, na kwa kuwa nyenje ana kalsiamu kidogo, mijusi waliolishwa nyenje peke yao walikuwa wakipinda mifupa. Ndipo wakajifunza kuwalisha nyenje majani mabichi na vyakula bora siku moja au mbili kabla ya kuwatoa, na kuwapaka unga wa kalsiamu. Fundisho hilo halina mpaka: mdudu utakayempa kifaranga, mlishe kwanza.

Sasa tumfikie mdudu wa mjini. Anaitwa nzi askari mweusi, na wafugaji wengi humtaja kwa herufi tatu tu, BSF. Asili yake ni mabara ya Amerika, lakini leo anaishi katika nchi nyingi za joto, na kwetu hupatikana hata kwenye vyoo vya shimo. Ni mwembamba, mweusi, na ukimwona kwa haraka unaweza kudhani ni nyigu. Hang'ati wala hachomi. Nzi mzima hahitaji kula chakula. Huishi siku chache kwa akiba aliyoiweka alipokuwa buu, anakunywa maji, anajamiiana mchana penye mwanga wa jua, anataga, anakufa. Kwa hiyo hana haja ya kuingia jikoni na kutua kwenye ugali akitokea chooni, na hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na nzi wa nyumbani.

Jike hutaga mayai kama 500 kwa mkupuo mmoja, na hayatagi juu ya uozo wenyewe, bali kwenye ufa mkavu ulio karibu nao. Tabia hiyo ndiyo mtego wetu. Weka kwenye ndoo pumba zilizolowekwa mpaka zikachacha, ongeza maganda ya maembe, mapapai au nyanya zilizooza, na juu yake laza vipande vya boksi gumu lenye matundu ya mawimbi. Iache ndoo kivulini, mahali penye mwanga, mbali na mlango wa nyumba. Nzi akija atapenyeza mayai ndani ya matundu ya boksi. Baada ya siku nne hivi yanaanguliwa, na mabuu wanaangukia kwenye chakula.

Kuanzia hapo ni kula tu, kwa wiki mbili hadi tatu. Mabaki ya jikoni, maganda, majani ya mboga yaliyosinyaa, matunda yaliyoharibika, vyote wanavimaliza. Kazi yako ni kuangalia unyevu: ukikamua kiganja cha chakula chao, tone moja moja lipite kati ya vidole. Yakizidi maji, watapanda na kukimbia, na harufu itawafikia majirani. Kwa vifaranga, vuna mabuu wakiwa bado weupe. Wakishageuka weusi ngozi yao imekuwa ngumu na wameacha kula. Wenyewe hupanda kutoka kwenye unyevu kutafuta pakavu pa kugeukia kuwa pupa. Ukiegemeza kibao chenye mwinamo kutoka ndani ya beseni, wataupanda na kudondokea kwenye kopo uliloliweka chini. Hao weusi waachie baadhi wawe mbegu, waliobaki wape kuku wakubwa.

Baridi ya Singida ni kikwazo. Mji uko kwenye nyanda za juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mdudu huyu hupenda joto la nyuzi 27 hadi 30. Mwezi wa Juni na Julai atakua polepole. Beseni liwekwe penye ukuta unaopata jua, lifunikwe gunia usiku, na mfugaji asikate tamaa kwa kuona wiki tatu zimekuwa tano.

Mabuu waliokaushwa wana protini karibu asilimia 40 na mafuta mengi pia, ndiyo maana wapewe kwa kiasi. Wachemshe dakika chache kisha waanike juani. Maji ya moto huua vijidudu walivyovibeba, na wakikauka sawasawa watakaa hata wiki kadhaa bila kuoza.

Na hapa ndipo Singida inapokuwa na bahati ambayo mikoa mingi haina. Huu ni mkoa wa alizeti. Kila mji mdogo una mashine ya kukamua, na kila mashine inatoa mashudu. Mashudu ya alizeti yana protini nyingi, lakini protini si kitu kimoja. Imejengwa kwa viungo vingi, na mwili wa kifaranga ukikosa kiungo kimoja ujenzi unasimama. Mashudu yana upungufu wa kiungo kiitwacho laisini, ambacho hata mahindi hayana cha kutosha, ila yana methionini ya kuridhisha. Mabuu wa askari mweusi wana laisini nzuri, na methionini yao ndiyo pungufu. Wakiwekwa pamoja, kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Ungetaka kubuni chakula cha vifaranga kwa ajili ya mkoa huu, ungekwama kupata wenzi wanaolingana hivyo. Sharti ni moja: mbegu zetu nyingi hukamuliwa pamoja na maganda, na kifaranga hawezi kusaga nyuzinyuzi hizo. Twanga mashudu, yachekeche kwa chekecheo la unga, maganda uwape ng'ombe.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu funza wa nzi wa kawaida, wale wanaozalishwa kwa kuacha samadi mbichi na damu ya machinjioni vichanganyike na kuoza. Siwashauri. Unazalisha nzi wanaorudi nyumbani kwako na kuhara kwa watoto wako, na nzi hao pia hubeba mayai ya tegu wa kuku. Kibaya zaidi ni funza wa mzoga. Mzoga unapooza bila hewa, bakteria waitwao klostridiamu hutengeneza sumu kali, na funza wanaokula mzoga huo huihifadhi mwilini bila kudhurika. Kuku akila funza wachache tu, miguu inalegea, mabawa yanalegea, mwisho shingo inalala chini na anakufa akiwa macho. Watu husema amelogwa au ni mdondo umerudi. Kuku aliyekufa azikwe au achomwe siku hiyo hiyo, asitupwe jalalani wala kichakani.

Na kwa wanaotaka kuleta funza wa unga kutoka mbali: mdudu huyo ni ndugu wa wadudu wanaoharibu nafaka ghalani. Mwenye gunia la mahindi chini ya paa moja na ufugaji huo anajitafutia msiba.

Kazi hii si ndoto ya mtu mmoja. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimefanya utafiti wa miaka mingi juu ya wadudu kama chakula cha mifugo. Kenya iliweka viwango vya wadudu waliokaushwa kwa ajili ya vyakula vya mifugo mwaka 2017. Umoja wa Ulaya, uliokuwa umezuia, uliruhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa mwaka huo huo, na kwa kuku na nguruwe mwaka 2021. Hapa nyumbani kampuni ya Biobuu mjini Dar es Salaam na Chanzi mkoani Arusha zimekuwa zikikusanya taka na kuzigeuza mabuu kwa wingi. Hao ni wenye viwanda. Mfugaji wa vifaranga thelathini hahitaji kiwanda. Anahitaji ndoo mbili, boksi moja na moyo wa kuangalia kila siku.

Nawageukia maafisa ugani na halmashauri za mkoa wetu. Taka za masoko ya mjini Singida, nyanya, makabichi na matunda, zinapakiwa pamoja na plastiki na kutupwa, wakati mfugaji wa Mtamaa ananunua dagaa kwa bei ya mboga. Tengeni pipa moja kwa ajili ya taka za mimea katika kila soko, lisiingie kingine, na wafugaji waruhusiwe kuja kuchota. Wiki ijayo tutaeleza chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu kifaranga aliyelishwa vizuri bila kuchanjwa bado yuko hatarini.